Jinsi ya kupata sehemu ya kuweka vitu bafuni kwenye nyumba ya kupanga bila kuharibu ukuta

Karibu kila mtu anayehamia nyumba ya kupanga ananiuliza kitu kile kile. Bafu halina hata shelfu moja, chupa zimebanana kwenye kona sakafuni, taulo linaning'inia mlangoni halikauki mpaka linaanza kunuka, na mkataba umesema wazi usitoboe ukuta. Alafu linafuata swali la pili, hivi zile kulabu za kubandika zinashika kweli au ni kutupa hela? Zinashika, tena vizuri tu, ila kwenye ukuta fulani na kwa uzito fulani, na wengi wanaolalamika kwamba zimedondoka hawakukosea kulabu, walikosea ukuta.

Yangu ya kwanza niliibandika juu ya rangi, pembeni ya kioo, nimehamia jana yake na nina haraka, nikaning'iniza taulo la kuogea likiwa limelowa. Usiku wa manane nikasikia kishindo, kuwasha taa nakuta kulabu iko sakafuni na mgongoni imeondoka na gamba la rangi ukubwa wa kiganja, pale ukutani plasta iko wazi. Nilipohama hela ya kupaka upya ikakatwa kwenye depoziti. Sasa angalia vizuri hapo, gundi haikuachia hata kidogo, kilichoachia ni rangi. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kazi ni huu: vitu vizito vikae chini au vibebwe na mlango, vyepesi ndo vipande ukutani, na ukuta ujaribiwe kabla hujanunua chochote.

Andaa hivi vitu kwanza

- Tepu meja.
- Penseli na pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Kama huna pimamaji, simu nyingi zina programu yake na inatosha.
- Tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi kufunika kingo.
- Spiriti na kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi.
- Mizani ndogo ya jikoni.
- Uzi wa kusafishia meno na draya ya nywele, hivi ni vya kubandulia baadaye.
- Simu ya kupigia picha.

Umeona kulabu, raki na vikapu havimo. Usinunue bado, mpaka umalize hatua ya 3.

Hatua

1. Piga picha na usome mkataba. Piga picha kuta zote za bafu, nyuma ya mlango, taili zenye ufa, sehemu rangi iliyobabuka, silikoni (ile ya kuziba kingo) iliyoweka weusi. Picha za karibu na za mbali. Jitumie mwenyewe ili zibaki na tarehe. Kwenye mkataba angalia kama wamekataza kutoboa tu au wamekataza hata kubandika, maana ipo mikataba inayokataza vyote, na kama haieleweki muulize mwenye nyumba kwa meseji upate jibu la maandishi.

2. Toa kila kitu nje ya bafu ukipime. Watu wengi wanairuka hii na ndo inayookoa hela. Vitoe vyote uvipange kitandani au mezani. Utashangaa chupa ngapi zimebaki na tone moja, na sabuni ngapi ulifungua kabla ya kumaliza nyingine. Tupa vilivyokwisha, unganisha vya aina moja.

Dawa za kumeza zitoe bafuni kabisa, mvuke na joto vinaziharibu, ziweke chumbani sehemu kavu na watoto wasipofika. Na zile dawa za kusafishia, usipange ya klorini na ya kusafishia choo yenye asidi kwenye kikapu kimoja, maana zikivuja zikachanganyika zinatoa gesi ya sumu.

Vilivyobaki vipime kwenye mizani. Shampuu ya lita 1 ni kama kilo 1, haina siri hiyo. Kinachowadanganya watu ni taulo. Likiwa kavu unalipima linasoma kama nusu kilo, lichovye, likamue kidogo tu kama unavyofanya ukitoka kuoga, lipime tena, uzito umezidi mara mbili au zaidi. Kwa hiyo taulo lipime likiwa bichi. Andika uzito wa kila kundi, vya kuogea, vya uso na meno, vya usafi, taulo.

3. Jaribu ukuta. Hapa kaa, usikimbie. Bafu moja linaweza kuwa na kuta za aina tatu na kila moja ina masharti yake.

Taili laini inayong'aa ndo rafiki yako, inapokea karibu kila kitu. Pitisha ukucha, ukiteleza bila kukwama ni nzuri. Taili yenye mikwaruzo, inayofanana na jiwe au iliyopauka, raba za kunyonya (vile vikombe vya mpira unavyovikandamiza vikashika bila gundi) hazitashika na gundi itashika nusu nusu. Ile mistari ya grauti kati ya taili isahau kabisa, hewa na maji vinapenya hapo.

Ukuta wa rangi, pitisha kiganja kikavu. Kikitoka na unga mweupe acha, hapo hakuna gundi itakayokaa, itakuwa imeshika unga tu. Kama hakuna unga, kata tepu ya karatasi kama sentimita 10, ibandike sehemu iliyojificha, isugue kwa kidole, iache usiku mzima. Asubuhi ivute taratibu. Ikitoka safi unaweza kubandika vitu vyepesi. Ikitoka hata na nukta mbili tatu za rangi, ukuta huo uache kama ulivyo, maana gundi ya kulabu ina nguvu kuliko hiyo tepu mara nyingi. Rangi ikiwa mpya subiri angalau siku 7 tangu ilipopakwa, kwenye bafu lenye unyevu mimi nangoja wiki mbili hata tatu.

Ukuta wa karatasi za kupamba usibandike chochote. Ukuta wa plasta tupu isiyo na rangi, hivyo hivyo.

Alafu gonga na kidole. Ukisikia mlio mtupu kama wa boksi ni ubao wa jipsamu, kumbuka hilo maana litakuja kwenye hatua ya 6.

4. Vizito vipeleke chini. Raki ya miguu inayosimama juu ya choo ndo mkombozi wa bafu dogo, haigusi ukuta na inabeba kila kitu kizito. Kabla hujainunua pima upana wa tangi la flashi, kimo chake mpaka kwenye mfuniko, na uache nafasi ya mfuniko kufunguka, siku flashi ikiharibika fundi atahitaji kuuinua. Angalia pia koki ya kufungia maji, isije ikazibwa na mguu wa raki. Mguu ukiwa unacheza, weka raba nyembamba chini yake, usiuegemeze ukutani kwa nguvu.

Kama pembeni ya sinki kuna uwazi wa sentimita 15 hivi, kuna raki nyembamba za magurudumu zinaingia hapo. Chukua ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Mbao zisizopakwa vanishi ziache, zinavimba kwenye unyevu na kuota ukungu kwa chini ambako huoni.

Raki yoyote isogeze mbali na ukuta kama sentimita 2 au 3 hewa ipite. Wakati wa kuhama utanikumbuka kwa hili.

5. Mlango ubebe taulo. Kulabu za kukaa juu ya mlango hazina gundi wala skrubu. Ila pima uwazi kati ya juu ya mlango na fremu, na hii ndo njia yangu: funga mlango, chukua kadi ya benki, ipitishe kwenye ule uwazi. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, zikipita mbili kwa pamoja una kama milimita 1.5 na kulabu ya bati jembamba itapita. Isipopita hata moja, mlango utakwama au utakwangua rangi ya fremu kila ukiufunga. Pima na unene wa mlango wenyewe, maana kulabu iliyo pana inacheza na kugonga. Nyuma ya kulabu, pale inapogusa mlango, bandika kipande cha kitambaa kinene isikwangue.

6. Fimbo ya springi. Ni ile fimbo inayobana kati ya kuta mbili, kama ya pazia la bafu. Pima upana palepale utakapoifunga, usipime chini ukadhani na juu ni sawa, kuta nyingi hazijanyooka na tofauti inaweza kufika sentimita nzima. Nunua fimbo ambayo kipimo chako kinaangukia katikati ya urefu wake, ikivutwa mpaka mwisho inapinda katikati.

Futa taili na raba za fimbo kwa spiriti. Irefushe izidi upana kwa sentimita 2 au 3, ibane, iweke, iachie ijikaze, alafu iangalie kwa pimamaji. Ikiwa imeinama hata kidogo itateleza pole pole mpaka siku inakudondokea.

Mbali na ile ya pazia, fimbo ya pili ifunge ndani ya pazia, upande wa ukutani pale unapoogea, unaitundikia vikapu vidogo kwa kulabu za umbo la S. Fimbo fupi chini ya sinki, unaning'iniza chupa za kupulizia kwa ile shingo ya kifyatulio, chini yake panabaki wazi kwa ndoo.

Usiifunge kwenye ukuta wa jipsamu wala kati ya milango ya kabati, inasukuma kwa nguvu siku zote na itaacha shimo. Zile nguzo za springi za kusimama toka sakafuni mpaka juu zinataka dari la zege. Dari la ubao litapanda juu.

7. Raba za kunyonya, kwa taili laini na kioo tu. Hazinyonyi chochote kwa kweli, ukiibana unatoa hewa ndani, na hewa ya nje ndo inaikandamiza kwa nguvu ya karibu kilo 1 kwa kila sentimita 1 ya mraba. Hewa ikipenya hata kwa unywele, imekwisha.

Kwa hiyo safisha taili kwa spiriti, iache ikauke. Raba iloweke kwenye maji ya moto dakika moja ilainike, ifute, ibandike katikati ya taili mbali na grauti, kandamiza katikati kwa gumba mpaka usikie imekaa. Iache masaa kadhaa bila mzigo. Kila baada ya wiki mbili tatu ikandamize upya. Weka wembe wa kunyolea, miswaki, sponji. Chupa ya lita usiweke, hata kama pakiti imeandika kilo 5.

8. Kulabu za kubandika. Tumefika. Chukua zile zinazokuja na tepu ya gundi yenye ulimi wa kuvuta wakati wa kubandua, na pakiti iwe imeandikwa za bafuni, za kawaida zinaachia kwenye mvuke. Soma uzito ulioandikwa, ugawanye kwa mbili, huo ndo uzito wako bafuni.

Anza asubuhi, siku ambayo hakuna aliyeoga kwa maji ya moto kwa masaa kadhaa. Fungua dirisha. Futa sehemu kwa spiriti, usitumie sabuni wala dawa ya kusafishia vioo, zinaacha utando usioonekana. Kwenye rangi pitisha mara moja tu bila kusugua, na ujaribu kwanza pembeni maana spiriti inaweza kulainisha baadhi ya rangi. Subiri dakika 5.

Weka alama ya penseli. Bandika hiyo tepu ya gundi upande wa kulabu kwanza, ibane vizuri, alafu ukutani ukandamize kwa kiganja sekunde 30 kamili, hesabu. Ulimi wa kuvuta uwe chini na ufikike kwa vidole. Sasa usitundike kitu. Pakiti nyingi zinasema saa 1, bafuni mimi naipa siku nzima, na siku hiyo hakuna kuoga kwa maji ya moto. Najua ni ngumu kama mko wengi, ila gundi inayopigwa na mvuke kabla haijashika ndo ile utakayoiokota sakafuni.

9. Kubandua siku ya kuhama. Zenye ulimi: shika kulabu kwa mkono mmoja isiruke, usiibane ukutani, vuta ulimi kwenda chini sambamba na ukuta, taratibu sana, utarefuka kama mpira hata sentimita 20 na zaidi mpaka uachie wenyewe. Ukiuvuta kuelekea kwako unang'oa rangi.

Ulimi ukikatika, au kama ni gundi ya kawaida, pasha kwa draya dakika moja hivi, alafu pitisha uzi wa meno nyuma ya kulabu ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Draya itumie sakafu na mikono vikiwa vikavu, bafu likiwa na maji tumia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto badala yake. Gundi iliyobaki kwenye taili ipake mafuta ya kupikia, iache dakika 10, futa, osha kwa sabuni ya vyombo. Kwenye rangi usipake mafuta, yataacha doa, ivingirishe kwa kidole mpaka itoke. Wembe usiuguse.

Makosa ninayoyaona kila siku

Supa gundi, epoksi na silikoni kwenye kulabu. Zinashika, ndio, na siku ya kuhama taili inatoka nazo. Kama mkataba unakataza kutoboa basi na hizi zihesabu ni kutoboa.

Kuning'iniza vikapu kwenye bomba la shawa. Bomba lile limetengenezwa kubeba kichwa cha shawa tu, ukilizidishia uzito kila siku maungio yanalegea ndani ya ukuta na maji yanavuja usikokuona, mpaka jirani wa chini aje kugonga. Na kama ni shawa ya umeme usitundike kitu chochote juu yake wala kwenye waya wake, hata sponji.

Kununua seti nzima ya vikapu sita kwa sababu inapendeza kwenye picha, kabla ya kupima. Narudia hili kwa sababu nalipenda bafu lenye nafasi, na vikapu vitupu navyo vinakula nafasi.

Kubandika nyingine palepale ilipodondoka ya kwanza. Ukuta umeshakuambia.

Ikigoma

*Kulabu imedondoka ndani ya wiki.* Angalia mgongo wake. Ukiwa na unga au rangi, tatizo ni ukuta, hamia kwenye taili au mlangoni. Ukiwa msafi na gundi yote imebaki ukutani, uzito ulizidi au hukusubiri. Ukiwa na utelezi, kulikuwa na sabuni. Tepu ikishatumika hairudiwi, weka mpya.

*Raba ya kunyonya inadondoka kila siku.* Ikague ukingo kwenye mwanga, ukiona mkwaruzo au imekauka ngumu tupa. Kama ni nzima, taili yako ina vinyweleo, nunua zile stika za plastiki za uwazi za kubandika kwanza alafu raba inakaa juu yake.

*Fimbo ya springi inateleza.* Mara nyingi ni mabaki ya sabuni. Itoe, futa raba na taili, irefushe kidogo zaidi. Ikiendelea punguza mzigo au isogeze pembeni vile vizito viwe karibu na ukuta, sio katikati.

*Kumeota weusi nyuma ya raki.* Isogeze, futa, acha dirisha au mlango wazi nusu saa baada ya kuoga. Weusi ukirudi sehemu ileile hata pakiwa na hewa, huenda kuna bomba linavuja ndani, mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi mapema, mara nyingi hilo sio lako kulipa ila ukikaa kimya linaweza kuwa lako.

*Rangi imeshatoka.* Usiipake rangi ya kubahatisha, nyeupe ziko aina nyingi na kiraka kitaonekana kuliko jeraha. Lile gamba usilitupe, libandue kwenye kulabu uliweke kwenye bahasha, duka la rangi linaweza kulinganisha nalo. Piga picha, mwambie mwenye nyumba kabla ya siku ya ukaguzi, muulize kama ana kopo lililobaki. Wengi wanalo stoo, na kijisehemu cha ukubwa wa kiganja kinamalizwa kwa plasta kidogo, msasa laini na mikono miwili ya rangi.